Barua kutoka Hilo: kamba ya ngozi

Hilo, Hawaii

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima. Mvua ya Hilo haikatiki, nguo zinakaa kambani siku tatu na bado zina unyevu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, hasa pale uliponieleza siku ya chanjo ya homa ya mapafu. Mbao za kubania ng'ombe zimevunjika, kundi limetawanyika mbugani, vijana wanawarukia mmoja mmoja, huyu kashika pembe, yule kang'ang'ania mkia, mpaka mmoja akavunjika mbavu. Ukaniuliza: hao wachunga ng'ombe wa huko wanaorusha kamba, wao wanafanyaje? Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia mambo ya kusikia. Juzi nilipanda mji wa Waimea, nikashinda na mzee mmoja mpaka jua likazama. Huku mzee wa rika hilo kila mtu humwita mjomba, hata asiye na undugu naye, basi na mimi nikamwita hivyo.

Lakini kwanza ujue ng'ombe wa huku walianzaje. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza, George Vancouver, aliwaleta wachache kwa meli kutoka California, akampa mfalme Kamehameha zawadi. Mfalme akawawekea mwiko wa miaka 10, asiuawe hata mmoja. Shoga, kisiwa hiki hakina simba wala fisi! Walizaana, wakapanda mlima Mauna Kea, wakawa wanyama pori kabisa, na waliposhuka ni kumaliza magimbi ya watu na kung'oa nyasi za mapaa. Watu wakachimba mashimo ya kuwanasa. Mwaka 1834 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, David Douglas, alikutwa amekufa ndani ya shimo la namna hiyo, na fahali mle mle.

Karibu na miaka hiyo Kamehameha III akaita wapanda farasi kutoka California, wakati huo bado ni ya Mexico, waje wawafundishe watu wake. Walikuwa wasemaji wa Kihispania, español. Sasa Kihawaii hakina sauti ya s, wala hakikubali konsonanti mbili zishikane, kwa hiyo neno likageuka paniolo, na mpaka leo ndilo jina la mchunga ng'ombe hapa. Nilipolisikia nilikumbuka meza na bendera, tulivyozipokea kwa Wareno na kuzilainisha zikae vizuri kinywani mwetu.

Kamba yenyewe huitwa kaula ʻili. Kaula ni kamba, ʻili ni ngozi. Mjomba alitandaza ngozi moja ya ng'ombe chini, imelowekwa na kuparwa manyoya, akaanza kukata pembezoni. Hakukata vipande. Alizunguka, akazunguka, kisu kikifuata ukingo, upana wa kidole kidogo, akielekea katikati kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha na kurudi nyuma taratibu kadiri ukanda unavyotoka. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa ukuta wa banda. Kanda nne za hivyo ndizo zinasukwa kamba moja, mviringo, bila kuunga popote, kisha inapakwa mafuta ya ng'ombe na kuburuzwa kwenye nguzo ili ilainike. Mimi mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye mkonge nilidhani kamba naijua. Hii ukiishika ina uzito wake, na ukiirusha kitanzi hakijikunji hewani, kinakwenda kimefunguka vile vile.

Sasa jibu lako. Kurusha si kazi kubwa, ilivyo kweli. Kazi ni baada ya kitanzi kuingia kwenye pembe. Zamani kule mlimani, paniolo akishamnasa fahali pori alimfunga kwenye mti akamwacha hapo, amalize hasira zake mwenyewe. Halafu analetwa dume la kufugwa, lililozoea watu, wanafungwa pamoja, na dume lile ndilo linalomshusha mwenzake hadi zizini. Mtu havutani na fahali. Mjomba alilisema hili mara tatu, kila mara akinitazama kuona kama limeingia.

Na baharini je! Bandari ya Kawaihae haikuwa na gati la kutosha, meli zilitia nanga mbali. Paniolo alimnasa ng'ombe ufukweni, akaingia naye majini huku farasi akiogelea, mpaka kwenye boti. Hapo ng'ombe alifungwa kichwa ubavuni mwa boti, wenzake wakapangwa hivyo hivyo pande zote mbili, wakapigiwa makasia hadi melini, kisha wakanyanyuliwa kwa mkanda wa tumboni. Nimekua nikiona mbuzi wakipakiwa mashuani, lakini hilo sikuwahi kuliwaza.

Mwaka 1908 watatu wao walikwenda Cheyenne, Wyoming, kushindana na Wamarekani wenyewe. Farasi walikuwa wa kuazima. Ikua Purdy, mzaliwa wa Waimea, alimnasa na kumfunga ng'ombe kwa sekunde 56, akawa bingwa. Sanamu yake iko pale mjini, nilisimama mbele yake na machozi yakanilengalenga, sijui kwa nini.

Lakini kitanzi watu hawa walikuwa nacho hata kabla ya ng'ombe. Wanasimulia kwamba Māui, shujaa wa hadithi zao za kale, alipanda mlima Haleakalā akalinasa jua kwa kamba, lipunguze mwendo, kwa sababu mama yake Hina alikuwa anaanika nguo zake za magome na hazikauki. Hapo nikacheka peke yangu nikikumbuka kanga zangu.

Kwa hiyo, shoga, usiagize kamba. Hii ni ya ng'ombe asiyemjua mtu, na wenu wanaitika mluzi wa baba mkwe wako. Tena kitanzi mnacho, ule ukanda mnaoukaza shingoni mwa ng'ombe mshipa uvimbe kabla ya kuupiga mshale mkinge damu ya kunywa. Anayeukaza ule bila ng'ombe kushtuka ndiye wa kumweka mbele siku ya chanjo, si vijana wenye nguvu. Mbao zikitengenezwa, mtangulize dume mpole, wengine watamfuata.

Humu ndani nimekuwekea msuko wa nyuzi nne, urefu wa shibiri. Ni uzi wa kawaida, maana ngozi mbichi kwenye posta unajua mwenyewe habari zake. Mwonyeshe baba mkwe, umwombe aufumue kuanzia upande wenye fundo, kisha ausuke upya. Akiweza bila kuuliza, niandikie.

Wako,
shoga yako wa Tanga