Kuhusu hiyo bastola, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro. Mama yako hajambo, mguu umepungua kuvimba.

Tangu tulipokata simu juzi sijalala vizuri. Unataka kununua bastola, uichomeke kiunoni chini ya shati, uingie nayo zamu ya usiku hapo sheli Houston, kwa kuwa mwenzako wa kituo cha jirani ameporwa. Hofu yako naielewa, baba. Na mimi nimekesha kwenye lindo miaka 9.

Binamu yako amenisomea sheria za huko. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hana katazo la kisheria anaweza kubeba bastola Texas bila kibali. Sawa. Lakini mwajiri naye ana haki ya kukukataza kuingia nayo kazini. Nilipokuuliza kama bosi anajua, ulinyamaza. Tena wewe si raia bado. Mwenye grini kadi akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kurudishwa kwao. Na kijana mnayepanga naye chumba yuko kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya shirikisho inawakataza watu kama yeye kuwa na bunduki, isipokuwa wachache, kama wenye leseni ya kuwinda. Ukilala mchana, chuma hicho utakiweka wapi?

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Lile kovu la begani si la bati.

Mwaka 2003 nililinda ghala moja usiku. Bunduki nilikuwa nimeilaza mapajani, chini ya koti la mvua, nikiamini haionekani. Kumbe siku tatu mfululizo kijana mmoja alikuwa akinunua karanga ng'ambo ya barabara, ananitazama. Kila gari likipita, mkono wangu ulikuwa unaipapasa. Nilikuja kulijua hilo baadaye, nikiwa wodini. Walikuja watatu. Ufunguo wa ghala hata hawakuuliza. Mmoja alisema, "Leta chuma," na panga likawa limeshashuka. Risasi 2 zilikuwamo ndani. Kidole changu hakikufika kwenye kifyatulio.

Wewe umesema sigara ziko rafu ya juu, nyuma yako. Mteja akiagiza, unamgeuzia mgongo, unanyoosha mkono, shati linapanda. Yeye yuko umbali wa kaunta tu. Atakayekuja kupora atakuja na yake mkononi, wakati yako iko chini ya shati na vidole vinatetemeka. Ikitokea siku hiyo, fungua droo umpe zote, mikono aione.

Ninachokuomba ni uende kwa bosi wako, umwombe zamu ya mchana. Akikataa, mwombe usiku mlango ufungwe na wateja wahudumiwe kupitia dirisha la kioo kinene. Akikataa na hilo, tafuta kazi nyingine, hata ya mshahara mdogo. Najua unang'ang'ania usiku kwa sababu ya ile nyongeza, na najua nyongeza hiyo ndiyo unayotutumia sisi. Punguza. Mahindi ya mwaka huu yapo ndani, na dawa za mama yako nimeshaongea na dada yako.

Ukitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, huku ni saa nane mchana. Nitakuwa nimekaa na simu.

Baba yako