Shukrani kwa dada wa kivuko cha Kigamboni

Dada, jina lako sikuuliza. Mimi ni yule uliyekaa naye kwenye kivuko asubuhi ile ya mvua, watu wamejikunyata, mie jasho linanitiririka mpaka ushungi umelowa. Ulinipa kanga yako nijifute, ukaniuliza taratibu, “Una miaka mingapi, mwenzangu?” Nikajibu 47. Ukatabasamu.

Nilishaamini ni presha. Shoga zangu walishafika kwenye majini.

Ukanieleza hedhi haikomi kwa siku moja. Miaka kadhaa kabla, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupanda na kushuka ovyo, ndiyo maana jasho kama lile linatutiririka, siku zinaruka, usingizi unakatika saa nane usiku, na hasira zinakuja bila sababu. Ukasema mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila damu ndipo tuseme imekoma, na kabla ya hapo mimba inaweza kuingia (hapo nilishtuka kweli!). Damu ikirudi baada ya hiyo miezi 12, nisikae nyumbani, niende hospitali.

Presha nimepima, iko sawa. Baba watoto nimemweleza, sasa feni inaelekea upande wangu. Ahsante sana, dada. Kanga yako nimeifua, naibeba kwenye mkoba kila nikivuka.