Jumamosi tunajaza kegi

Hamjambo wakuu. Haidromita, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, imesoma namba ileile siku tatu mfululizo, kwa hivyo bia yetu imemaliza kuchacha. Safari hii hakuna chupa. Mama watoto bado anaokota vigae nyuma ya jiko tangu ile iliyopasuka.

Tukutane kwangu Section 58 Jumamosi, saa nane mchana. Saa nane ya kweli, si ile yetu.

1. Mchango ni 600 kila mmoja, wa kujaza mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi inayotia bia mapovu. Tumeni kwa mweka hazina kufikia Alhamisi jioni.
2. Otis, uje na mpira wa kuhamishia bia na dawa ya kuua vijidudu.
3. Wanjiru, spana na sabuni ya maji. Tutapaka povu kwenye viungo vyote. Kukiwa na mapovu, gesi inavuja na mtungi utaisha usiku kucha.

Kuhusu presha: maelezo mengi husema paundi 12 kwa inchi ya mraba (psi) bia ikiwa nyuzi 4 za Selsiasi, lakini Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo geji tutaiweka kama 15. Kuna atakayesema tuweke 30 na kutikisa kegi ili tunywe jioni ileile. Hapana. Itakuwa povu tupu. Ikae kwenye friji wiki moja, tuonje Jumamosi inayofuata.

Jibuni "nipo" au "sipo" hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Na anayekuja na gari asiendeshe akishaonja.