Mwanangu, kibali chako kitakuwa na jina la nani?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua pepe yako nimeisoma, nikamsomea na baba yako, na zile karatasi ulizoambatisha nimezichapisha zote ili nizisome kwa kituo, maana kwenye simu herufi zinanikimbia. Sisi hatujambo. Kwanza hongera. Kijana ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa la chuo kuitwa huku na huku, Shanghai kule Uchina na Saudi Arabia, kwenda kufundisha Kiingereza si jambo dogo. Nilipomaliza kusoma nilimpigia shangazi yako kabla hata sijakujibu wewe.

Ila pasipoti yako ungeniambia kwanza kabla ya kumtumia huyo wakala wa Shanghai nakala yake. Dada yako alikuwa anajua kitambo. Nadhani hukuniambia kwa sababu ulijua nitasema nini, basi acha niseme.

Kibali chako cha kazi kitakuwa na jina la nani?

Karatasi za Shanghai nimezipitia ukurasa kwa ukurasa na mwajiri sijamwona. Juu kuna nembo ya chuo, nzuri, ya rangi. Lakini penye nafasi ya mwajiri pameachwa wazi, sahihi ya chini ni ya wakala, na anwani ya barua pepe ni hizi za bure ambazo hata mdogo wako anayo. Chuo kikuu kizima hakina barua pepe yake? Halafu nikafika kwenye barua ya mwaliko. Penye madhumuni ya safari wameandika shughuli za biashara. Unakwenda kuuza nini, baba?

Unasema wakala amekuhakikishia kuwa viza ya biashara ni ya kuingilia tu, ukishafika wataibadilisha. Mwanangu, utaratibu wa Uchina hauendi hivyo. Mwajiri ndiye anayeanza. Anaomba kwao taarifa ya kibali cha kazi ikiwa na jina lako na jina lake, anakutumia, unaipeleka ubalozini, na ubalozi unakupa viza ya kazi, wanaiita Z. Ukishaingia kwa hiyo Z una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na kibali cha kazi chenyewe kinafuatiliwa na chuo. Sasa huyu anayekwambia uanzie mwisho, uende kwanza kisha jina litafutwe, anakwambia hivyo kwa sababu jina la kuandika hana. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini imeanza kutumika Julai 2013, na imetaja adhabu ya mgeni anayefanya kazi bila kibali, faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Jambo likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Wanaweza pia kumrudisha kwao, na akisharudishwa haruhusiwi kuingia tena kwa mwaka 1 hadi 5. Anayefungiwa ni wewe. Wakala atatafuta kijana mwingine.

Najua utasema rafiki yako yuko kule kwa njia hiyohiyo na anafundisha mpaka leo. Sawa. Namwombea mema. Lakini muulize akiugua akapelekwa hospitali, au mkuu wa idara akigoma kumlipa mwezi mmoja, atakwenda kushtaki kwa nani na kwa karatasi gani.

Na kuna jambo ambalo wakala hawezi kukuambia kwa sababu biashara yake itakufa. Kwa kanuni za Uchina, mwalimu wa lugha wa kigeni anatakiwa afundishe lugha yake ya kuzaliwa, na kinachotazamwa kwanza ni pasipoti. Korea Kusini wao wameandika wazi kabisa, viza yao ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida ni ya raia wa nchi saba, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Kiingereza chako kinawashinda wengi wao, nalijua hilo na walimu wako wanalijua, na linaniuma. Lakini afisa wa uhamiaji hasahihishi insha. Anaangalia pasipoti. Ndiyo maana mtu wa pasipoti kama yako akiambiwa kazi ya Kiingereza ipo na viza si shida, inabidi asimame aulize mara mbili.

Sijasema Uchina haiendeki. Chuo chenyewe kikikuandikia kwa anwani yake, kikakutumia ile taarifa ya kibali yenye jina lako lililoandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, mimi mwenyewe nitakufungia sanduku. Mpaka hapo, usilipe hata senti ya kile wanachokiita ada ya usajili, na cheti chako halisi cha shahada kisitoke mikononi mwetu. Watakaotaka kukiona waletewe nakala iliyothibitishwa.

Sasa hii ya Saudi Arabia. Baba yako ameipenda tangu alipoona tiketi ya ndege imetajwa. Mimi nimeisoma kwa jicho la masijala, na unajua nimekaa na mafaili ya ajira ya watu miaka yote ile. Karatasi zake zina mwenyewe. Lakini umeona mwenyewe huyo ni nani? Ulituambia umepata kazi chuo kikuu. Mkataba unasema mwajiri ni kampuni, na chuo ni mahali pa kazi tu. Kampuni imechukua zabuni ya kufundisha Kiingereza mwaka wa maandalizi, ule wanaosoma wanafunzi wapya kabla ya kuingia vitivoni. Maana yake iqama yako, yaani kibali cha ukaazi cha kule, itakuwa chini ya kampuni. Siku chuo kikikataa kuongeza zabuni, kampuni inaweza kukuhamishia mji mwingine, au ikakosa pa kukuweka. Sikutishi. Swali ni lile lile, na hapa angalau lina jibu ambalo unaweza kulifuatilia.

Waandikie uwaulize zabuni yao na chuo inaisha lini, na ikiisha kabla ya mkataba wako wewe unakwenda wapi. Uliza kama mkataba utasajiliwa Qiwa, ule mfumo wa mtandaoni wa wizara yao ya kazi, maana ukisajiliwa humo unauona mwenyewe na kilichoandikwa ndicho. Kwa sheria yao ya kazi ada ya iqama na ya kibali cha kazi inalipwa na mwajiri, pamoja na kuvihuisha, viza ya kutoka na kurudi, na tiketi ya kurudi nyumbani kazi ikiisha. Kwa hiyo wakikwambia zitakatwa kwenye mshahara, ujue unaongea na nani. Tangu Machi 2021 mfanyakazi wa kampuni ameruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ridhaa ya wa kwanza, kwa masharti yake, ukiwemo muda wa kutumikia kwanza. Masharti hayo yasome.

Kiinua mgongo nacho kipo, nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Ukiacha kazi mwenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili hupati kitu, kwa hiyo usije ukagombana na mtu kwa hasira za mwezi wa tatu ukatupa kalamu. Unajua ninachosema.

Kuhusu mshahara, umeandika wa Shanghai ni mkubwa zaidi na ukapigia mstari. Hukuhesabu yote. Uchina wanakata kodi, na kutuma pesa nje kunataka uonyeshe kibali, mkataba na karatasi za kodi. Mtu wa viza ya biashara atavitoa wapi? Saudi Arabia mshahara haukatwi kodi ya mapato, na riyali yao imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, kwa hiyo ukihesabu kwa dola thamani yake haikuyumbi. Uliza pia kama wanalipa miezi 12 au miezi 10. Hili vijana wengi hawaulizi. Likizo ya kiangazi ni ndefu, na mshahara unaoonekana mnono ukigawanywa kwa miezi yote ya mwaka unakonda. Na tiketi waliyoitaja, baba yako hakuona maneno yaliyofuata, kwamba utarudishiwa nauli. Utajikatia kwanza, utarudishiwa lini hawajasema. Na usiondoke na mfuko mtupu. Mshahara wa kwanza huwa unachelewa mpaka iqama itoke na akaunti ya benki ifunguliwe.

Kazi yenyewe sina wasiwasi nayo sana. Nadhani kwa mtu anayeanza, mwaka wa maandalizi ni mahali pazuri kuliko unavyodhani. Umeandika kwamba hutaki kufundishia kitabu cha watu na mitihani ya watu. Mwanangu, kuna kitabu, kuna mratibu, kuna mtihani mmoja kwa madarasa yote, kwa hiyo mwalimu mgeni ana pa kushikilia. Wanafunzi wamemaliza sekondari juzi, wengine wanataka uhandisi au udaktari na Kiingereza wanakiona ni ukuta. Mtu wa kuwafundisha hao ni yule anayejua uchungu wa kujifunza lugha ukubwani, na wewe unaujua. Kule Shanghai wamekuandikia Kiingereza cha mazungumzo, vipindi 16 kwa wiki, na kitabu hakikutajwa. Utaingizwa kwenye chumba cha vijana arobaini uambiwe waongeleshe. Utaweza, lakini kwa mwaka wa kwanza utalala usiku wa manane kila siku ukitunga vipindi.

Ila Saudi Arabia hawajasema vipindi ni vingapi. Wameandika saa za kuwepo kazini tu. Waulize vipindi vya darasani kwa wiki, madarasa yana watu wangapi, na saa zilizobaki unatakiwa ukae ofisini au unaruhusiwa kwenda kusahihishia nyumbani. Omba uongee na mwalimu mmoja aliyepo sasa hivi, si meneja, mwalimu. Muulize mshahara unaingia tarehe ngapi na pasipoti yake anayo nani. Akisita kwenye hilo la pasipoti, umeshapata jibu. Na nyumba, waulize unakaa peke yako au na wenzako. Wewe ukilala na mtu anayekoroma unaamka umekasirikia dunia nzima.

Baba yako anasema namaliza maneno, wewe ni mtu mzima. Ni kweli. Uamuzi ni wako na sitakuja kukushika shati uwanja wa ndege. Lakini kusaini kabla ya Ijumaa kwa sababu wakala amesema nafasi itachukuliwa, hilo usilifanye. Chuo kinachomtaka mwalimu kweli humpa siku za kusoma mkataba. Mwandikie wakala mstari mmoja tu, nani atakuwa mwajiri kwenye kibali changu, naomba kwa maandishi. Akikupigia simu badala ya kuandika, usipokee, mjibu aandike. Akikujibu nitumie usiku huohuo, sitakuwa nimelala.

Na ile kampuni, jina lake lipeleke ubalozini mwao uulize wanaijua au la. Usitegemee picha za tovuti.

Huku bati la chumba chako limeanza kuvuja upande wa dirisha. Vitabu vyako nimevihamishia sebuleni na mdogo wako ameshaanza kuvichorachora, nimemkemea. Ana mtihani wa Kiingereza mwezi ujao na amekataa kufundishwa na dada yenu, anasema anakungoja wewe, kwa hiyo ukija kuaga uje mapema ukae naye jioni mbili tatu. Baba yako miwani imevunjika mkono, anaifunga kwa uzi na hataki kwenda kupimwa upya. Mwambie wewe, mimi hanisikii. Vyeti vyako halisi viko kwenye bahasha ya kaki chini ya nguo zangu, cha kuzaliwa na cha shahada. Cha sekondari sikioni. Kama uliondoka nacho niambie, na kama kiko kwenye kabati lako basi funguo unazo wewe, zitume kwa mtu anayekuja huku ili nikipeleke kuthibitishwa pamoja na vingine.

Mama yako