Malalamiko: Safari ya Cotswolds Tuliyouziwa Siyo Tuliyopelekwa

Reading, Uingereza
12 Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Usafiri na Matembezi,
London.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA PAUNI 89

Jumamosi tarehe 7 Juni nilipanda basi lenu kwenda Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya mawe, pamoja na mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Dodoma. Tiketi mbili, pauni 178. Tangazo lenu mmeliandika kwa Kiswahili safi, ndiyo maana nikawaamini: muda wa saa moja na nusu katika kijiji cha Bibury, matembezi ya miguu kutoka mji mdogo wa Chipping Campden hadi kilima cha Dover's Hill, na chai ya jioni kwa skonzi. Chai tulipata.

Bibury tulikaa dakika ishirini na tano. Mama amestaafu ualimu wa jiografia, na hakufuata maua ya madirishani. Alitaka kuiona Arlington Row, ile safu ya nyumba za mawe iliyoanza kama ghala la sufu la watawa mnamo 1380, kisha katika karne ya 17 ikageuzwa makazi ya wafumaji. Alitaka asimame mbele ya Rack Isle, kile kiwanja chenye majimaji walikoanika vitambaa vyao. Habari za sufu ya Uingereza amewafundisha watoto wa watu miaka yote kwa chaki tu. Tulifika darajani, tukapiga picha moja, honi ikalia.

Dereva alisema basi kubwa haliruhusiwi kukaa pale. Naamini. Kijiji ni kidogo, wenyeji wamechoshwa na mabasi, wala siwalaumu. Lakini hilo mlilijua kabla ya kutuuzia tiketi.

Kinachoniuma zaidi ni saa mbili mlizotupeleka kwenye maduka ya punguzo kando ya barabara kuu, ambayo hayakutajwa popote kwenye tangazo. (Mkoba alioununua abiria wa mbele yetu unauzwa bei ileile hapa Reading.) Saa hizo ndizo zilizomeza Dover's Hill. Chipping Campden tulishuka robo saa, tukauchungulia ukumbi wa soko wa 1627, tukarudishwa garini. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba huku kuna njia za miguu zinazokatiza shamba la mtu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukufukuza mradi usiiache njia na ufunge geti. Hakuamini. Alinunua raba kwa ajili ya siku hiyo. Zimerudi hazina hata tope. "Basi mwanangu, hizo njia zako utanionyesha kwenye simu," akasema.

Kwa Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, mliyoyaahidi kuhusu huduma, nami nikayategemea nikalipa, ni sehemu ya mkataba. Naomba mnirejeshee nusu ya nauli, pauni 89, ndani ya siku 14, kwenye kadi niliyolipia. Vocha ya safari nyingine sitaki. Mama anaondoka tarehe 30.

Nimeambatisha nakala ya tangazo, risiti na ile picha moja.

Wenu,
Abiria wa siti namba 14 na 15