Salamu za Krismasi na mwaka mpya kutoka Mtwara

Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, na wakubwa zangu wote shikamooni. Huku Mtwara tupo salama, watoto wazima, baba yao anawasalimu sana. Najua nimechelewa, miaka yote ikifika tarehe 20 nakuwa nshawatumia salamu wote, wa Dar, wa Tunduru, wa Songea, ila mwaka huu kila nikishika simu mkono unakuwa mzito, na sababu mnaijua.

Basi nianze na yale ya wajibu. Nawatakia nyote heri ya Krismasi na fanaka za mwaka mpya. Mungu awajalie afya na riziki, amani itawale majumbani mwenu, wagonjwa wapone, wanaotafuta kazi wapate, wanaotafuta watoto wajaliwe, na walioko safarini wafike salama. Amina.

Kipindi hiki kwetu mnakijua. Kusi ikishakata linakuja lile joto la kukosesha usingizi, embe zinaanguka usiku juu ya bati unashtuka ukidhani mwizi, na mtu yeyote ukimsalimia jibu ni korosho, mnada umeendaje, wenu wameshalipwa au bado. Shule zimefungwa kwahiyo watoto wanashinda nje toka asubuhi mpaka giza. Huyu wangu wa miaka 4 kila siku anarudi gauni zima limelowa maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, na doa la bibo halitoki hata uloweke siku tatu, nimeshaacha kugomba, nimemtengea gauni moja la kuharibu.

Huu ndo msimu wetu wa kwanza bila mama. Alitutoka mwezi wa saba, mikorosho ndo kwanza inaanza kutoa maua, na salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, alikuwa ameshanunua mwenyewe, mifuko imeegemea ukuta chumbani kwake tukaihamisha ili tutandike mikeka ya msiba. Kaka ndo akaja kumalizia kupuliza. Waliokuja kutuzikia nawashukuru tena, waliotuma michango nawashukuru, Mungu awarudishie mlipotoa.

Shule zilipofungwa nikasema niwapeleke watoto Newala nyumbani kwa mama, tukaokote korosho za mwishomwisho na nipitie kaburi, nyasi zilishaanza kuota. Sasa hapa kuna jambo limeniuma na nalisema. Siku ile ya msiba huyu mdogo tulimwambia bibi amesafiri. Tuliona ndo tunamlinda. Basi gari lilivyosimama tu akashuka mbio moja kwa moja mpaka chumbani kwa bibi, akarudi mlangoni akaniuliza mama bibi amerudi lini akaondoka tena? Nilikosa jibu. Jioni nikamshika mkono tukaenda kaburini nikamwambia bibi yako amelala hapa, hatoamka mpaka siku ya Mungu. Akakaa kimya, akachukua bibo alilokuwa nalo mkononi akaliweka pale, akasema twende mama mbu wameanza. Miezi mitano mtoto anamsubiri mtu ambaye sisi wote tunajua harudi, kisa sisi watu wazima tuliogopa.

Kesho yake nikasema wacha niwachomee korosho za sikukuu kama alivyokuwa anawachomea. Bati lake la zamani lile lililotobolewa na msumari lipo bado nyuma ya jiko, mafiga matatu yale yale. Nikapanga, zikaanza kutoa mafuta, moto ukalipuka, moshi ule mnaujua unavyokaba, nikamwaga mchanga ukatulia. Zilipopoa nikampa mkubwa jiwe, nikamwambia haya bangua. Akarudisha mikono nyuma. "Mama, majivu kwanza. Bibi anatupakaga majivu."

Nilikuwa nimesahau. Mimi niliyezaliwa pale, niliyebabuka vidole na mafuta ya korosho utoto wangu wote. Nikaenda kuchota majivu yaliyopoa nikampaka kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, mpaka kwenye kucha, kama alivyokuwa ananipaka mama, mdogo naye akanyoosha mikono yake nikampaka. Hapo ndo nikalia. Siku ya msiba sikulia vile, siku ya msiba kuna watu wa kupikiwa na mikeka ya kuazima, unakimbia tu. Nililia pale chini mbele ya bati, na watoto wanabangua na kula zao, mkubwa akanimenyea moja nzima haijavunjika akanitia mdomoni.

Kuhusu hela sitaki kusema mengi. Mvua iliwahi, tumepata magunia 6 na mengine yakaingia daraja la pili, ukipeleka chama cha msingi, kile cha ushirika wa wakulima, unasubiri mnada, mnada ukipita unasubiri malipo, yakija yana makato na unyaufu juu, yaani uzito uliopungua korosho zikikauka, na hela zilizobaki tumegawana na kaka kwa sababu alibaki na madeni ya matibabu ya mama. Sokoni nimezunguka mara mbili, gauni la mtoto nililonunua 15,000 saivi naambiwa 25,000. Sikununua. Nimeshusha pindo magauni yao ya Pasaka, nimeyafua nimeyapiga pasi, mkubwa akasema mama yamekuwa mapya.

Sasa mnivumilie niseme, maana mama angekuwepo angesema yeye. Wababa wa kusini, kaka zangu, mashemeji zangu, nawaheshimu sana. Hela ya korosho sio ya mtu mmoja. Waliofyeka chini ya mikorosho ni wote, waliookota ni wote, mpaka mtoto wa miaka 6 ameinama pale juani, alafu hela ikiingia benki baba haonekani wiki nzima, anarudi na spika kubwa na habari ya mke mdogo, Januari mtoto anaenda shule na daftari la mwaka jana kurasa zimechanwa. Ada shule za msingi za serikali hamna, sawa, ila sare nani ananunua, viatu nani, kalamu nani? Nunueni daftari kabla ya pilau. Na sisi wamama tusijifiche nyuma ya wababa, vikoba tumeingia vitatu vitatu kwa ajili ya sare za sherehe, na jioni tuko na simu watoto wanalala hawajaulizwa hata wameshindaje. Mungu ametupa hawa watoto kwa muda, kama alivyotupa wazazi kwa muda. Kaeni nao chini. Wafundisheni kazi za nyumbani kwenu, waambieni ukweli wa misiba yenu, wapelekeni wakawaone bibi na babu walio hai mwaka huu huu, msingoje Pasaka, nauli ya Newala ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuzika, hiyo mimi nimeshailipa.

Haya. Mkesha tutaenda kigangoni, kesho yake pilau kama kawaida, na sahani ya kwanza inaenda kwa bi mkubwa jirani, maana Idd zote mbili za mwaka huu alituletea ya kwetu kabla wajukuu zake hawajala. Mnaokuja tarehe 26 karibuni na watoto wenu. Korosho za kuchoma zipo nusu debe, nimezuia zisibanguliwe mpaka wenzao wafike. Majivu yapo, mkubwa amebeba kopo zima toka Newala kwa bibi yake, nikimwambia hapa nyumbani majivu ya mkaa yamejaa hataki kusikia, ameliweka juu ya kabati na mtu asiliguse.