Kompyuta ya baiskeli: ulizeni ramani kabla ya bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme na wenzangu waendesha baiskeli, hususan vijana ambao wamekuwa wakinisimamisha njiani hapa Lushoto kuniuliza kile kidude kilichofungwa kwenye usukani wangu kinafanya kazi gani, na kama nao wajichange wanunue. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari, nimetumia vifaa hivyo kwa miaka 7, na mengi ya nitakayoyaeleza nimejifunza barabarani kwa gharama yangu mwenyewe.

Swali la kwanza huwa ni la bando. Kifaa hicho, yaani kompyuta ya baiskeli inayoonyesha mwendo, umbali na njia, hakina laini na hakili bando, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza tu. Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zisizopungua 24, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi zikitangaza saa na mahali zilipo, na kifaa kikizisikia 4 kwa wakati mmoja huweza kukokotoa mahali ulipo bila ya wewe kumlipa mtu senti. Vifaa vingi vya siku hizi husikiliza pia setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China, jambo ambalo mtu wa tambarare anaweza kulipuuza lakini si sisi tunaopita korongo la Soni, ambako ukiinua uso unaona ukanda mwembamba tu wa mbingu kati ya kuta mbili za mlima.

Swali la pili huwa ni la bei, na hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Kompyuta za daraja la juu za Garmin au Wahoo hugharimu kuliko baiskeli za mtumba ambazo wengi wetu tunaziendesha, ilhali zipo za bei nafuu, kama za iGPSPORT na XOSS, ambazo kwa mtu anayetaka kujua mwendo, umbali na njia zinamtosha kabisa. Lakini kabla ya bei kuna jambo ambalo mimi sikuliuliza. Kifaa changu cha kwanza niliagiziwa na ndugu aliyekuwa akirejea kutoka Ulaya, nacho kilikuja na ramani ya Ulaya nzima, hata vijia vya mashambani vya Ujerumani vikiwemo. Nilipokiwasha mbele ya ofisi ya walimu kilinionyesha mshale mweusi katikati ya skrini nyeupe, pasipo barabara, mto wala jina la mji. Muuzaji hakuwa ametudanganya, maana juu ya boksi iliandikwa wazi ni ramani ya wapi. Sisi ndio hatukusoma.

Dawa yake ilikuwa ni ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2004 na kutolewa bure, ambayo niliipakua kipande cha Tanzania na kukiingiza kwenye kifaa kwa kebo. Ubora wa ramani hiyo hutegemea kama kuna mtu aliyepita mahali akapachora. Dar es Salaam inafaidi sana, kwa sababu tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani, wakachora kata zinazokumbwa na mafuriko kichochoro kwa kichochoro. Huku milimani barabara kubwa zimo, ila kijia cha nyuma ya shule yetu nimekiongeza mwenyewe.

Asiyeweza kupata kifaa chenye ramani asivunjike moyo. Vifaa vingi vya bei ya chini hukubali kupokea njia uliyoichora mapema kwenye simu au kompyuta, kisha hukuonyesha mstari wa kufuata na kukulilia ukiuacha. Kwa safari ya Magamba hadi Mtae, yenye njia panda nyingi za kwenda mashambani, mstari huo umenifaa zaidi ya ramani ya rangi, mradi niwe nimeuchora kwa utulivu nyumbani na kumwuliza mwenyeji kama daraja bado lipo.

Sasa nije kwenye kimo, ambacho ndicho chanzo cha mabishano mengi vijiweni. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi na mtu hupanda karibu mita 1,000, lakini wawili walioongozana wanaweza kufika juu na hesabu zilizotofautiana kwa makumi ya mita, kila mmoja akiapa kwamba kifaa chake ndicho sahihi. Setilaiti zote unazozisikia ziko juu yako na hakuna hata moja iliyo chini ya miguu yako, kwa hiyo kosa la kimo kwa kawaida huwa kubwa kuliko kosa la mahali. Ndiyo maana vifaa vizuri vina kipimo cha kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda, na kwa mkazi wa milimani hicho ningekitanguliza mbele ya ukubwa wa skrini.

Hata hivyo, kipimo hicho nacho kina tabia zake. Katika nchi za tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikifikia kilele mnamo saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri, tofauti ikiwa ni kama hektopaskali 3 (hicho ndicho kizio cha kanieneo), na kwa kimo cha Lushoto kila hektopaskali moja ni sawa na mita 9 na ushee. Niliwahi kukiacha kifaa mezani darasani kutwa nzima ili wanafunzi waone: kufikia alasiri, meza ilikuwa imepanda mlima kwa mita zaidi ya 20. Tangu hapo, kila ninapoanza safari huingiza kwanza kimo ninachokijua cha mahali nilipo. Aidha, hewa huingia kwenye kipimo kupitia tundu dogo sana, na tone la mvua likiziba hapo utaambiwa unapanda huku breki zinanuka kwa mteremko. Futa kwa kitambaa, usichokoe kwa sindano. Mvua hiyohiyo huifanya skrini ya kugusa ifungue kurasa ambazo hukuziita, ndiyo maana napendelea vitufe.

Kuhusu umbali, kwenye kona kali kifaa kinachohifadhi alama kila baada ya sekunde kadhaa hukata kona na kukupunja, kwa hiyo kiwekeni kihifadhi kila sekunde. Anayetaka uhakika zaidi afunge kihesabu mizunguko kwenye habu ya gurudumu, na asitegemee kipimo cha tairi kilichoandikwa kitabuni. Piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, kaa juu ya baiskeli na upepo ukiwa umejazwa kama kawaida yako, sukuma mpaka alama irudi chini, kisha pima kwa utepe wa fundi cherehani. Tairi langu la 700 kwa 28, ambalo vitabu huliandikia mzunguko wa milimita 2,136, lilinipa 2,121.

Vipimo vya wati, yaani vya nguvu ya kukanyaga, vinavyofungwa kwenye pedeli tuwaachie wanaoshindana. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda mbio za baiskeli za Tour de France mara 4, alitaniwa sana kwa kuinamia skrini yake muda wote, lakini yeye barabara ilifungwa magari yasipite. Sisi tunashuka Soni pamoja na malori ya mboga.

Ombi langu la mwisho ni kwa wauzaji wanaotangaza vifaa hivi katika magazeti yetu. Pamoja na bei, waandike mambo matatu: kama ramani ya Tanzania imo au inaweza kuingizwa, kama kifaa kina kipimo cha kanieneo, na betri hudumu saa ngapi uonyeshaji wa njia ukiwa umewashwa, si ukiwa umezimwa. Nafasi ya mistari mitatu kwenye tangazo haiwezi kukosekana.

Wako msomaji,
Mwalimu wa jiografia,
Lushoto, Tanga.